Karoti Inayocheka

4 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu zangu kabla ya maneno. Sisi ni wazima, Mungu anatushika mkono, ila mgongo wangu una ubishi kila nikiinama. Kile kikohozi cha vumbi la vitambaa kimekuacha? Mwanao Chiriku mdomo haupumziki. Jana kaniuliza kama vyerehani vyote vya kiwandani ni vyako. Nikamwambia ni kimoja tu, tena cha kuazima. Akanuna.

Sasa nisikilize. Mwalimu mkuu wa chekechea kaniita. "Mama Mlezi, una mkono mzuri wa sindano. Tutengenezee picha ya ukutani, watoto wajifunze kula vizuri." Nikasema haya, kwa uwezo wa Mungu. Nimetandaza shuka kuukuu, nakata vyakula vya vitambaa na kuvishona juu yake. Lakini kitabu kinasema vyakula ni makundi matano, bango la zahanati lina mengine, mwalimu mkuu anasema matatu yanatosha. Maharagwe nimeyahamisha mpaka shuka imejaa matundu ya pini.

Mwisho nimefuata akili yangu. Karoti, mchicha na yai nimevitia macho na mdomo, vinacheka. Soda na peremende zinalia, machozi ya uzi wa buluu. Waonaje?

Mama yako

19 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini barua inakukuta na nguvu, na mgongo umepunguza ubishi. Kikohozi kimeisha, bado uchovu tu.

Nimecheka mpaka msimamizi akauliza nani ananitekenya. Maharagwe yaweke na mayai, Mama, yanajenga mwili. Na hiyo soda inayolia ni kiboko! Watoto hawataigusa tena.

Natafuta likizo nije, ila Chiriku usimwambie. Nimeshamwahidi mara mbili nikashindwa, naona aibu.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na Mungu akulinde. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Siku ya kuitundika picha ilikuwa shangwe. Kesho yake mpishi kaleta karoti, mtoto mmoja kaikumbatia: "Huyu anacheka, mimi simtafuni!" Darasa zima likafuata. Na ile soda sasa wanaihurumia, eti wainywe iache kulia. Mwalimu mkuu akanitazama. Mimi nikautazama ukuta.

Nikafumua macho yote, midomo yote, machozi yote. Wenzake Chiriku darasani wakarudi kula siku ileile. Yeye hakurudi. Hata uji, hata mkate, ambavyo sikuvishona kabisa, anaonja kijiko na kufunga mdomo. Nikimwuliza, "Bado unaionea huruma karoti?" ananijibu, "Kidogo." Kidogo ndiyo nini? Mifupa ya mabega imeanza kuonekana. Daktari kampima, hana ugonjwa. Nimesali, nimefunga, nimembembeleza, nimemkaripia, kisha nikaomba msamaha kwa kumkaripia. Mwanangu, nahisi nimekuharibia mtoto kwa sindano yangu mwenyewe, na sioni uzi ulipofungwa ili niufungue.

Mama yako, asiyejua afanye nini

20 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Usijilaumu. Nimemwambia msimamizi mtoto wangu hali chakula, akanikunjia uso, lakini likizo kanipa. Nafika kabla mwezi haujakwisha. Safari hii mwambie, si ahadi ya mdomo.

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Sifa zote kwa Mungu! Salamu nitakupa hukohuko mbele, acha nianze na habari.

Nimemsomea Chiriku barua yako. Alikuwa amekaa mlangoni, mgongo kanipa. Nilipofika pale pa "nafika", akasimama akaenda jikoni mwenyewe. Kala uji. Kala mayai. Mchana shuleni kala karoti akaomba ya jirani yake, mpishi akapiga vigelegele. Anasema anataka kuwa mzito, ili ukimbeba usimwangushe. Nikasema, "Mtu mzito ndiye huangushwa, we mtoto!" Akacheka, na mimi sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia.

Sielewi ni kipi kimemponya, maana macho ya vile vyakula niliyafumua zamani na hakula. Yaache. Hatujambo, wewe hujambo?

Mama yako mwenye furaha

8 Aprili

Mama,

Shikamoo. Najua ulikuwa ukinitazamia. Sijui nianzie wapi.

Msimamizi aliniita siku moja kabla ya kuondoka. "Mtoto vipi?" Barua yako ilikuwa mfukoni, Mama, ningesemaje? Nikasema anakula sasa. Akasema basi vizuri, kazi zimebana, utakwenda mwisho wa mwaka. Nikarudi kwenye kiti. Nimeshona siku nzima sijui nilishona nini.

Maadamu anakula, na tuvumilie. Mpe pole kwa ajili yangu. Usinikasirikie.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Mungu akupe subira, na mimi anipe. Sijakasirika.

Nilimsomea. Hakulia. Alikuwa na sahani mbele yake, ameshafika katikati. Akauliza, "Bibi, nani alimwambia mama kwamba nakula?"

Nikamwambia ni mimi.

"Ulimwandikia?"

"Nilimwandikia, kwa furaha."

Akaisukuma sahani upande wangu, polepole, kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. Kisha akatoka kwenda kucheza.

Nimekaa na sahani ile mpaka chakula kikapoa. Sijui kama ni ujanja, ni ukaidi, au ni huzuni tu ambayo mtoto wa miaka mitano hana jina lake. Hata mimi mkubwa wake sina. Nimemwuliza Mungu, bado hajanijibu, au amejibu mimi sikuelewa.

Ila jambo moja nimeamua. Leo amekula au hajala, sikwambii. Kesho pia sikwambii. Msimamizi wako akikuuliza mtoto vipi, mwambie kweli tupu: hujui, nyumbani hawakwambii.

Halafu uje.

Mama yako