Leo Umekuwa Nani?

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama, ingawa najua barua zangu huzifungua yeye kwanza, na ndiyo maana juu ya bahasha hii nimeandika jina lako peke yake nikalipigia mistari miwili. Nawe ukishamaliza kusoma, mpe.

Miguu inaendeleaje? Uvimbe umepungua? Mkono wa sindano bado unakusumbua? Mama ameacha kukuficha chumvi au vita vinaendelea? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenisusa. Nimeona ulivyonipigia simu tangu jana jioni, tena na tena, na sikupokea. Usidhani ni kiburi, Baba. Kwenye simu ungeanza na swali lako lile lile na mimi ningelia kabla ya kujibu. Kwenye karatasi angalau husikii kitu.

Unakumbuka siku niliyokueleza kazi yangu? Nilikwambia sisi wakalimani wa Bunge hatusemi kwamba Mheshimiwa anasema ana njaa. Tunasema nina njaa, kana kwamba tumbo ni letu. Ulicheka mpaka bisibisi ikakuponyoka. Tangu hapo huniulizi habari za kazi, unaniuliza leo umekuwa nani. Nami hukuhesabia: asubuhi nilikuwa Waziri wa Barabara, mchana nikawa mbunge wa upinzani nikamchamba Waziri wa Barabara, jioni nikawa Spika nikajinyamazisha mwenyewe. Jana nilikuwa nimeshaanza kukuwekea kichekesho cha jioni. Kilikuwa kizuri, lakini kimenitoka kichwani chote.

Asubuhi ilikuwa kama asubuhi zote. Kengele ililia, Spika akaingia, tukasimama hata sisi wa kibandani ambao hakuna anayetuona. Kibanda chetu kiko juu, nyuma ya kioo: viti viwili, vipaza sauti viwili, na jagi la maji ya uvuguvugu. Ninakaa na yule mama mtu mzima tunayemwita Shangazi, aliyenifunza kazi. Tunapokezana kila nusu saa, maana kichwa huchemka. Mezani kuna kitufe chekundu tunachokiita cha kikohozi. Ukikibonyeza sauti yako inakatika, unakohoa zako, unakiachia. Na kama umeshindwa kabisa, unakibonyeza na mwenzako anapokea pale pale; usipokibonyeza, kipaza sauti chake hakiwaki.

Yakaja maswali kwa mawaziri. Niliuliza kuhusu taa za barabarani, kisha nikajijibu kwamba jambo hilo liko kwenye mchakato. Mbunge mmoja aliahidi kusema kwa ufupi, akasema mpaka jirani yake akalala mdomo wazi. Tuliwapa pole wafiwa, tukawakaribisha wanafunzi waliokaa kwenye roshani ya wageni, tukapitisha kanuni za leseni za mbwa. Shangazi aliniandikia kikaratasi kwamba akistaafu hataki kulisikia tena neno mchakato, hata msibani kwake. Nilicheka, Baba. Nakuandikia upuuzi huu wote kwa sababu sina haraka ya kufika mchana.

Mchana ilikuwa hoja ya hospitali. Wewe ulijua ipo, nami nilijua. Waziri wa Afya aliomba Bunge likubali huduma ya kusafisha damu ifungwe katika hospitali ndogo zote, ya kwetu ikiwemo, na mashine zihamishiwe hospitali kuu ya hapa mjini. Alisema kutakuwa na mashine mpya, wataalamu watakaa pamoja, na umeme hautakatika. Alikuwa akisema kweli tupu, na hilo ndilo lililoniuma. Aliliacha moja tu, kwamba kutoka kwetu mpaka hapa ni saa tano za basi siku ambayo mlima hauna ukungu, na mgonjwa anatakiwa aje mara tatu kwa wiki.

Nisikufiche, nilikuwa na matumaini. Safari hii hata chama cha serikali kilikuwa kimegawanyika, na wabunge watatu wanaokaa upande wa madirisha walikuwa wamesema hadharani kwamba bado wanasikiliza. Nikaikumbuka siku tulipopewa Bunge hili. Bunge kuu la muungano lilipotuachia shule, barabara na hospitali zetu, ulifunga kazi ukanipakia kwenye keria, tukauzunguka mtaa mzima huku unapiga kengele ya baiskeli kama mwendawazimu. Ulisema wakubwa wa mbali walikuwa wakituumiza bila kutujua, na sasa wataamua watu wetu, wakitusikia kwa lugha yetu. Kengele ile ndiyo iliyonifanya nisomee ukalimani. Sikuwahi kukwambia.

Akasimama Mheshimiwa wetu, yule uliyembatiza jina la Honi kwa sababu ya sauti yake. Yeye ni miongoni mwa wachache wanaozungumza lugha yetu humo ndani. Waziri haijui hata salamu. Siku nyingi ikizungumzwa, visikizio hulala mezani nasi tunapiga domo peke yetu kibandani. Jana Waziri alivaa chake. Wale watatu wa madirishani nao walivaa. Na ilikuwa zamu yangu.

Kwa kawaida wabunge hutuletea hotuba mapema tuzipitie. Honi hakuleta. Sasa najua kwamba ulimkataza, ili nisiione. Alisema ametembelea wodi ya kwetu na atasoma maneno ya mgonjwa mmoja kama alivyotamka mwenyewe. Akaanza, mimi ni fundi baiskeli. Nami nikasema, mimi ni fundi baiskeli. Mafundi baiskeli wako wengi, sikushtuka. Halafu akasema, mara tatu kwa wiki nakwenda kwa Dobi kufuliwa damu.

Baba, hakuna mtu mwingine chini ya jua anayeiita mashine ile Dobi. Mdomo uliendelea, ndivyo ulivyozoezwa. Shangazi aligeuka kunitazama. Nikasema kwamba nimeoa miaka mingi na mke wangu hunificha chumvi. Nikasema kwamba nina binti huko mjini, na akija nyumbani namwambia napata nafuu ili ale ashibe. Nilijitaja mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya Bunge zima. Kumbe hukuwa unapata nafuu.

Kisha akafika mwishoni mwa maneno yako. Huko nyumbani mlimsikia Honi mwenyewe redioni, kwa lugha yetu. Ukumbini wasiojua lugha walisikia kupitia kwangu. Alipokaa, Waziri akavua kisikizio, akasimama, akasema ameguswa sana na mzee yule ambaye, pamoja na ugumu wa safari, amesema wazi kwamba huduma ikihamishwa ataifuata. Akasema kama mgonjwa mwenyewe yuko tayari, Bunge ni nani hata liwe na woga kuliko yeye.

Kaka ameniandikia kwenye simu kwamba mtaa ulilipuka pale pale, kwamba fundi redio jirani yako alirusha kiatu, na kwamba vijana wanataka kuja kuandamana mjini kwa sababu Waziri ni mwongo wa mchana kweupe. Nimesoma pia kwamba Mama alitoka jikoni akakaa kizingitini, chungu kikiungua motoni. Kumbe hata yeye hukumwambia. Honi alisimama kupinga, uso umemvimba kwa hasira, akisema mzee hakusema hivyo. Spika akamwambia hilo si jambo la utaratibu, ameshapewa muda wake, aketi. Nalo nililitafsiri. Kengele ya kura ikalia, wakabonyeza vitufe vyao, idadi zikatokea ukutani. Wale watatu wa madirishani walisema ndiyo. Hoja ilipita kwa kura mbili.

Spika akashukuru, akaita hoja iliyofuata, ya maegesho ya magari karibu na soko. Mkutano uliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nusu saa yangu ilikuwa haijaisha. Nikatafsiri maegesho ya magari, vizuri kabisa, bila kukosea hata neno.

Baba, Waziri hakusema uongo. Alirudia alichosikia. Mwongo ni mimi.

Honi aliposoma kwamba wakimhamisha Dobi wewe humfuati, kwamba siku ulizobakiza hutaki kuzimalizia kwenye kiti cha basi ukitapika kwenye mfuko mbele ya watu, kwamba utakaa nyumbani na mkeo mpaka yaishe na wasije wakasema hawakuambiwa, mimi nilikuwa nimeshayasikia yote na ilikuwa zamu ya mdomo wangu kuyatoa. Kuyatoa kwa kusema mimi. Nikae nitamke, kwa sauti yangu, nitakaa nyumbani nife, huku hilo ni neno ambalo baba yangu amemwambia mbunge na hakuniambia mimi. Kidole kilikuwa juu ya kile kitufe. Ningekibonyeza, Shangazi angepokea, angeyasema kama yalivyo, na wale watatu wangeyasikia. Sikukibonyeza. Nilifungua mdomo kusema simfuati, ikatoka itanibidi nimfuate. Na badala ya kujirekebisha nikapata nguvu. Nikasema safari ni ngumu lakini nitasafiri, kwa kuwa nina mke, na nina binti anayenihitaji. Nilijisikia vizuri, Baba. Kwa muda ule mfupi uliahidi kuishi, na nilikuamini.

Nisingependa uone kwamba nilifanya hivi kwa mapenzi. Huenda ni mapenzi, lakini sentensi yako ndiyo pekee iliyokuwa na uzito siku nzima. Ulikuwa umeitoa roho yako kama jiwe la mwisho la kurusha, nami nikampa Waziri. Nimejaribu kujiambia kwamba wale watatu wangesema ndiyo hata hivyo. Shangazi naye ananiambia hivyo. Hatutajua kamwe, na hilo ndilo litakalonila.

Mkutano ulipoahirishwa nilikwenda moja kwa moja kwa Katibu wa Bunge nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza, akavua miwani, akauliza kwa upole kama ningependa iandikwe kwamba mitambo ilileta hitilafu. Nikasema hapana. Akasema basi kumbukumbu za Bunge zitabeba maneno yako kama yalivyosomwa, na chini yake maelezo kwamba tafsiri ilikosewa. Nikauliza kuhusu kura. Akasema kura ikishatangazwa imetangazwa, hairudiwi kwa ajili ya mkalimani. Nilimwachia kitambulisho changu mezani. Hakunirudishia, wala hakukigusa. Honi nimemwambia pia. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alikaa tu kwenye ngazi ya nje akishika kichwa, yule yule mwenye sauti ile.

Kwa hiyo waambie vijana wasiandamane kwa sababu ya uongo wa Waziri, hakuna. Kama wanataka kumrushia mtu kiatu, nakuja nyumbani Jumamosi na basi la asubuhi.

Sasa neno la mwisho, na nimelizunguka kurasa zote hizi. Dobi atahamishwa mwisho wa mwezi ujao. Uliyosema umeyasema, na nakujua: ukishasema basi umesema, hata yule bwana tajiri alirudi na baiskeli yake mbovu kwa sababu ulimwambia huitengenezi. Sina haki ya kukuomba chochote. Lakini kwenye ukumbi ule uliamini watu wetu watatusikia, nami ndiye niliyekuwa sikio lao, na wamesikia kwamba utasafiri. Ni uongo mmoja tu duniani ambao bado unaweza kuwa kweli, na mwenye uwezo huo ni wewe. Sina kazi tena, kwa hiyo nina siku zote za wiki. Nitakaa na wewe ndani ya basi, kwenda na kurudi, dirishani utakaa wewe, mfuko nitaushika mimi. Na ukikataa nitakuja vile vile, nitakaa na wewe na Mama, na sitafungua mdomo kukusemea tena.

Nisalimie Kaka na watoto wake. Msalimie fundi redio, mwambie kiatu chake nitamnunulia kingine. Mama mwombe anisamehe, na wewe kwanza mwombe radhi kwa siri yako, halafu umpe karatasi hizi asome.

Barua hii naipakia kwenye basi la mchana; ukinipigia usiku huu nitapokea. Niulize tu kama siku zote. Jana nilikuwa wewe, Baba, na nilisema nataka kuishi.

Ni mimi, kitinda mimba wako