Karatasi Mbili Zenye Kosa Moja

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nimemjibu kwamba tumechokana. Basi niandike kabla haujasimama.

Miaka thelathini na sita iliyopita nilisahihisha karatasi mbili za hesabu zenye kosa lilelile, mstari uleule. Moja ya mvulana wa Kihindi, moja ya msichana mweusi kama mimi. Sikuuliza. Mhindi ananakili hesabu kwa mweusi? Tangu lini! Msichana nikampa sifuri, akarudia mwaka. Wiki moja baada ya sifuri hiyo mvulana akaja ofisini analia: yeye ndiye aliyechungulia. Nikampa leso, nikamsifu kwa kusema kweli. Kisha nikafunga mlango. Na mdomo.

Jumanne, 5 Machi

Binti yangu kauliza naandika nini. Nikasema wosia. Chai ya leo imekuwa na maziwa mengi.

Alhamisi, 7 Machi

Wageni kutoka shuleni! Wanataka niwahutubie walimu kwenye semina ya ubaguzi wa rangi darasani. Mimi! Eti nilifundisha watoto wa rangi zote kwa haki.

Waliingia wawili. Mbele Mhindi, shati limenyooka. Nikamshika kwa mikono miwili: karibu, Mkuu wa Shule, heshima kubwa hii! Mama mweusi aliyemfuata nikamkabidhi beseni nililonawia. Peleka jikoni, mwanangu.

Akapeleka.

Mhindi akakohoa. "Samahani, Mzee, mimi dereva. Mkuu ndiye huyo mwenye beseni."

Binti yangu akatazama dari. Mkuu akarudi anajifuta mikono, anacheka. "Shikamoo, Mwalimu. Hunikumbuki? Yule wa sifuri!"



Ijumaa, 8 Machi

Mkuu amerudi peke yake tupange hotuba. Amekaa hapa kando ya kitanda. Nimemwambia naandika vidokezo.

Anasema kisa chetu huwasimulia walimu kila mwaka: alinakili, nikamnyoosha, leo ni Mkuu. Nikamwambia hukunakili, mwanangu.

Akacheka. "Usinibembeleze, Mwalimu. Nilibisha mwezi mzima. Mama alisema nimenakili, baba kasema, darasa zima limesema. Mwisho nikaona wote hawawezi kukosea. Hata mimi siku hizi nikikuta karatasi mbili zinafanana, naanza na watoto wetu weusi. Nawajua."

Mkuu wa semina ya ubaguzi, huyo! Na aliyemfundisha ndiye mimi huyu, niliyelazwa kwenye mito mitatu.

Nilitaka kumweleza habari za mvulana na leso. Pumzi ikakatika. Akanipa maji, akasema pole pole, Mwalimu, andika tu, nitasoma mwenyewe.

Nimeandika: Nilijua. Mwenzako alikiri kwangu, nami

Anatafuta miwani yake mkobani. Mkono wangu unaweza kufunika ukurasa huu. Ameipata. Anasogeza kiti—