Mikono Iliyoshika Mifupa

Waithaka, Nairobi
Septemba 1972

Mke wangu mpenzi Rodah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mumeo. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la Mama je? Na binti yetu wa miezi mitano ambaye sijamwona, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima wa mwili, lakini upweke unanimaliza.

Kosa ni langu. Jumapili moja baada ya ibada tulikunywa chai kwa jirani yangu Mzee Musa, mtu wa kwetu Maragoli, nami nikajisifu. Niliwaambia kwamba kule makumbusho nimepandishwa: sichimbi tena, sasa naunganisha mafuvu ya watu wa kale kwa gundi. Mzee Musa akaniuliza, "Na hiyo mikono ndio umeshika nayo mandazi zangu?" Tangu siku hiyo nasalimiwa kwa mbali, na chai nakunywa peke yangu. Mimi na domo langu!

Hayo ningeyavumilia. Lakini mzee huyo alipeleka habari nyumbani, na juzi kaka ameniandikia maneno ya Mama: nisimshike mtoto mpaka niache kazi ya wafu na kutakaswa.

Rodah, wacha nikueleze kazi yenyewe. Miezi mitatu sasa ninalo fuvu la mtoto, limevunjika vipande vyembamba kama maganda ya yai. Meno ya utotoni bado yako kwenye taya. Nalisafisha kwa brashi polepole, na mara nyingine najikuta nikimbembeleza kwa lugha yetu, maana sina mwingine wa kumbembeleza. Bwana mkubwa alinikuta hivyo akacheka. Mimi nilikuwa nalia. Siwezi kumwacha huyu vipande vipande. Na kazi hii naipenda, sitakudanganya.

Krismasi nitakuja. Kutakaswa nakubali, Mama achague kondoo wa kunitakasia anayemtaka. Kuacha kazi, hapana. Akikataa sitagombana naye, nitasimama nje ya ua. Wewe mlete binti hadi langoni, umfunue uso nimtazame. Sitamgusa.

Nisalimie kaka yangu Fanuel na mkewe, na shangazi anayeuza vyungu. Mama mwambie nampenda.

Na karatasi hii niliyoishika mimi, ukimaliza kusoma, mpe binti aishike. Akiikunja usimkataze. Mama asijue.

Mumeo,
Ezekiel