Mwoga Aliye Hai

Wabikon, 22 Februari 1987

Kwa wifi yangu Harriet,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi na mbwa. Hali yako ikoje huko hospitalini? Ile mashine ya kusafisha damu bado inakuchosha? Mimi sijambo, ni kifua tu kidogo, na baridi inayopasua magogo.

Wifi, nina ombi, na usicheke. Barafu ikishayeyuka nataka kwenda kuvua peke yangu porini, siku nne au tano hivi. Unajua sijawahi. Kila mwaka nilikaa kiti cha mbele, ndugu yako Gilbert nyuma akiongoza, kazi yangu kupiga kafi na kunyamaza. Leo nina miaka hamsini na moja na sijui hata mtumbwi unapindishwaje. Ile shule ya bweni walinifundisha kufuma na kusali, mto hawakunifundisha.

Naomba mtumbwi wako uliolala nyuma ya nyumba ya marehemu baba mkwe. Naomba pia unieleze niende lini, nibebe nini, nifanyeje. Hapa nikimwuliza mwanamume yeyote, ama atataka kuja nami ama atanikataza.

Wifi yako,
Philomene

Thunder Bay, 8 Machi 1987

Philomene, mke wetu,

Salamu zimefika, nami nakurudishia. Pole na kifua, chemsha majani ya mwerezi uvute mvuke. Mimi nipo, siwezi kusema mzima. Mara tatu kwa wiki wananifunga kwenye mashine kama ng'ombe wa kukamuliwa. Chakula cha hapa hakina chumvi, na wanaokileta nao hawana chumvi.

Umesema nisicheke. Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kama nimepata wazimu. Wewe, uliyempindua ndugu yangu majini kwa kumkimbia nyuki mmoja! Haya, sikiliza.

Mtumbwi chukua. Kitu cha kwanza, ugeuze. Mtumbwi wa watu wawili ukiwa peke yako hukai kiti cha nyuma, pua itapanda juu na upepo utakuzungusha utakavyo. Unageuza nyuma iwe mbele, unakaa kiti kilekile ulichozoea, ila unatazama upande wa pili. Kule mwisho mbele yako weka mfuko wa chakula. Pua ikiendelea kucheza, ongeza mawe.

Usitie mtumbwi majini barafu ikiwa bado ipo, hata kama imeshakuwa nyeusi na kulainika. Ikishatoka yote, samaki wa trauti watakuwa juujuu na hata wewe utawapata. Burura kijiko cha bati chenye ndoana nyuma yako polepole. Pita kandokando ya ufuko. Usikatize ziwa katikati kwa sababu unaona ng'ambo ni karibu. Maji ya mwezi wa tano hayana haja ya kukuzamisha, vidole vinaacha kushika kabla hujamaliza kupiga kelele. Viberiti vitie kwenye chupa, chupa uivae shingoni. Unga, mafuta ya nguruwe, chai, nyama kavu. Usibebe makopo, utayalaani kwenye njia ya kubebea mtumbwi, pale unapoupitisha nchi kavu kukwepa maporomoko.

Unakwenda ziwa lipi?

Na ndugu yangu hajaandika? Akikuandikia kutoka Winnipeg, mwambie figo yake siitaki tena. Aikaange na vitunguu.

Wifi yako,
Harriet

Wabikon, 29 Machi 1987

Kwa wifi yangu Harriet,

Salamu sana. Kifua kimepona kwa ile dawa yako, asante. Natumaini wiki hii wamekuhurumia kidogo.

Usimseme Gilbert hivyo. Figo alikubali mwenyewe kukupa, akapimwa, akaambiwa Januari ndiyo mwezi wa kupasuliwa. Oktoba akaenda kuvua kabla maji hayajaganda, na hakurudi. Polisi walipita na ndege mara moja, barafu ikafunga, basi. Halafu mtu mmoja, mmoja tu, akasema alimwona anapanda basi la Winnipeg, na kijiji kizima kikaipenda hiyo hadithi kuliko kumtafuta mtu kwenye baridi.

Mtumbwi wako nimeushusha, nikauweka juu ya theluji uani, nikaugeuza kama ulivyosema, nikakaa. Watoto wa jirani walinicheka, wakaniuliza naenda Toronto? Mimi sikucheka. Miaka ishirini na sita nimempa Gilbert mgongo kwenye mtumbwi, nikimsikia tu akikohoa. Sasa nimekaa na kiti cha nyuma kiko mbele ya macho yangu, kitupu. Nililia pale uani bila aibu, wifi.

Nafikiri nitakwenda Ziwa Refu. Nieleze njia. Najua kuna maporomoko kabla ya kufika, ila sijui yanaanzia wapi, sikuwa naangalia. Na turubai, moja linatosha au nichukue mawili?

Wifi yako,
Philomene

Thunder Bay, 12 Aprili 1987

Philomene,

Ujumbe umefika. Mimi ni yuleyule.

Ziwa Refu? Unaniona mjinga? Kwetu ziwa lililomeza mtu haliliwi samaki mpaka mtu huyo atoke. Mjomba wetu alipozama, baba alitulisha sungura mwaka mzima, na samaki walikuwa wanaruka mbele ya mlango. Wewe umeolewa nyumba hii, unaijua sheria. Kama unaamini Gilbert yumo mle, huwezi kutia ndoana. Basi huendi kuvua. Unakwenda kutafuta maiti, na turubai la pili nimejua ni la nini.

Mimi hapa Ijumaa wakileta samaki nakula, makusudi, mpaka mkia. Ndugu yangu yuko Winnipeg. Aliogopa kisu, akakimbia. Alikuwa mwoga wa sindano tangu mdogo, mwulize yeyote. Na mwoga aliye hai ana figo mbili, Philomene. Siku moja ataona haya, atakuja hapa na kofia mkononi, nitamtukana, halafu tutaingia chumba cha upasuaji pamoja. Maiti hana cha kunipa. Mwache awe mwoga.

Njia sikupi. Mtumbwi urudishe ulikoutoa.

Harriet

Wabikon, 26 Aprili 1987

Kwa wifi yangu Harriet,

Nakusalimu kwa heshima, na najua umekasirika.

Ni kweli. Sijala samaki tangu Novemba.

Wewe uko mbali, husikii. Mimi nikiingia dukani wanaacha kuongea. Nimekuwa mke aliyekimbiwa, na yeye amekuwa mtu aliyemwacha dada yake afe. Wanasema mpaka kanisani. Lakini nguo zake nazifua mimi. Mtu anayehamia Winnipeg anaacha soksi zake zote za sufu kwenye kamba? Anaacha mbwa? Kila usiku wa ile wiki ya mwisho alikuwa ananiuliza kama kovu litamzuia kubeba mtumbwi. Aliogopa, sikatai. Aliogopa na bado alikuwa anakwenda.

Sitaki kukunyang'anya tumaini lako, Mungu ananiona. Nataka tu asilale huko jina lake likitukanwa. Nitakwenda, ukinipa njia au usiponipa. Usiponipa, nitayatafuta maporomoko kwa masikio.

Wifi yako,
Philomene

Thunder Bay, 6 Mei 1987

Philomene,

Kichwa chako kigumu kuliko mwamba. Ndugu yangu alijua anachooa.

Kutoka gatini, ziwa dogo ulizunguke kwa mkono wa kulia mpaka mdomo wa mto. Unapanda mto, mkondo si mkali. Ukiona povu linaelea kwako vipande vipande na mto unapinda, usisogee tena. Teremka kushoto, kwenye misonobari iliyoungua. Njia ya kubebea mtumbwi inaanzia hapo, inapanda mpaka juu ya maporomoko, na Ziwa Refu liko mbele. Kurudi, beba tena kwa njia hiyohiyo. Hata ukiwa umechoka, hata jua likizama, beba. Koti la kuelea usilivue hata kwenda haja.

Usipompata, niandikie siku hiyohiyo nifurahi. Ukimpata, usiniandikie. Kaa kimya tu, nitaelewa.

Wifi yako,
Harriet

Thunder Bay, 27 Mei 1987

Philomene, wifi yangu,

Hujambo? Nakuuliza kweli, hujambo? Wagonjwa wanaotoka huko juu wanasema barafu ilitoka zamani, maji yako wazi kotekote. Kila siku nauliza kama nina barua, naambiwa hakuna.

Nilikwambia ukae kimya. Nilikuwa na hasira, sikufikiri. Sasa kimya kimekuja na sijui ni kipi. Umempata yeye, au mto umekuchukua na wewe? Nimempigia padri simu, haishikwi. Nimemwomba muuguzi apige dukani, wakamwambia hawajakuona muda.

Niandikie lolote. Niandikie hata tusi. Kuwapoteza wawili siwezi, Philomene.

Wifi yako,
Harriet

Wabikon, 1 Juni 1987

Kwa dada Harriet,

Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Mimi ni mzima, mikono tu imechubuka. Sikuwa dukani kwa sababu tulikuwa kwenye msiba. Sikuandika kwa sababu ulinikataza, na kwa sababu kila nikishika kalamu naona uso wako.

Nimempata.

Sikufika Ziwa Refu. Niliona povu, nikateremka kwenye misonobari iliyoungua kama ulivyosema. Nilipokuwa nafunga mtumbwi nikaona kitu chekundu kwenye vichaka vya ufukoni, maji yalipokuwa yamejaa na kupungua. Lilikuwa tumbo la mtumbwi wake. Yeye alikuwa hatua chache kutoka hapo, amelala kifudifudi kama mtu aliyechoka. Sitakueleza zaidi. Baridi ilikuwa imemtunza kuliko nilivyoogopa.

Sikiliza, dada, hili ndilo ninalotaka ulijue. Alikuwa chini ya maporomoko, upande wa nyumbani. Ndoo zake za samaki zilikuwa bado zimefungwa kwenye mtumbwi, zimejaa, zimetiwa chumvi. Ameshavua, ameshafunga mzigo, alikuwa anarudi. Wanaume wanasema barafu ilikuwa inaanza kushika kingo, akaona akibeba kwa miguu atachelewa na mto utafunga, akajaribu kuteremka na maji. Mtu anayekimbilia Winnipeg hakimbizani na barafu ili afike nyumbani.

Sikuweza kumwinua. Nilimfunika kwa lile turubai, nikakaa naye, nikamwambia mambo yangu, halafu nikarudi kuita watu. Upepo ulikuwa wa mbele, lakini sikuogopa. Tumemzika Jumamosi. Hatukuweza kukungoja, na hilo linaniuma. Yule aliyesema habari ya basi alikuja kuchimba kaburi. Hakuna aliyemsemesha, nami sikumfukuza.

Nisamehe, dada.

Wifi yako,
Philomene

Thunder Bay, 9 Juni 1987

Philomene, mdogo wangu,

Barua nilisomewa nikiwa kwenye mashine, macho siku hizi hayaniheshimu. Muuguzi alipofika pale pa ndoo za samaki alitaka kuacha, nikamwambia endelea. Niliposikia uko hai nilishukuru kwanza. Nataka ujue nilianza na hilo.

Huna kosa la kusamehewa. Nikipata mtu wa kunileta baada ya mashine ya Ijumaa na kunirudisha kabla ya ile ya Jumatatu, nitakuja nikae kaburini naye. Niachieni nafasi upande wa baba. Mtumbwi ni wako sasa, usiurudishe.

Miezi yote hii nimemwita mwoga mbele ya kila mtu kwenye jengo hili. Nilikuwa nawachekesha naye. Kwa hiyo jana na leo nimewaita mmoja mmoja, wauguzi, mpishi, hata yule mama wa kudeki, nikawaambia ndugu yangu hakukimbia, alikuwa njiani anakuja. Wengine walishaisahau hata hiyo hadithi. Niliwaambia hivyohivyo.

Mwisho nikamwambia daktari. Akavua miwani, akanipa pole, akafungua faili. Akaniuliza kama yuko ndugu mwingine wa kupimwa. Nikamwambia hapana, tulizaliwa wawili.

Dada yako,
Harriet