Wimbo Ndio Umechelewa

Mama,

Nafula ameolewa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeruka salamu zote ukitafuta habari ya harusi. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, na wimbo wako ulipigwa. Lakini tulikaribia sana kuukosa, na ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka neno ulilotuachia ukiwa kitandani. Ulisema gauni la mdogo wangu nilishone mimi, chakula wapike wamama wa kanisa, na akiwa anaingia ukumbini apigiwe ile santuri yako. Nilikubali upesi. Siku hiyo ningekubali lolote. Harusi ilipokaribia, gauni likakubalika, chakula kikakubalika, wimbo ukakataliwa. "Zii, Nekesa," Nafula akaniambia. "Hiyo ngoma ni ya matanga. Mimi siwezi kuingia kwa harusi yangu nikilia."

Usimkasirikie. Wimbo wenyewe ulikuwa mzito kweli. Yule mwimbaji alisikika kama mtu aliyebeba gunia la makaa kutoka Kawangware hadi kwetu Kibera bila kupumzika. Tulikua tukimsikia hivyo kila Jumapili baada ya kanisa, na tangu tukuzike sijawahi kuuweka bila machozi. Nikabaki katikati, neno la marehemu huku, bibi harusi huku. 

Basi nikaenda Kawangware kutafuta vifungo vya gauni. Karibu na soko kuna kijana ana kibanda cha santuri kuukuu. Siku hizi vijana wanazitafuta, ungecheka. Alikuwa amepiga wimbo wa gitaa, mwepesi, wa kuchangamka, na miguu yangu ikaanza kutikisika kabla sijajua. Nikamuuliza ni bendi gani. Akanionyesha jalada. Mama, ilikuwa bendi yako! Picha ni ile ile, wanaume wanne na suruali zao pana, ila ya kwetu imetafunwa pembe na panya.

Nilimbishia. Nikamwambia wimbo wa santuri hiyo naujua tangu nikibebwa mgongoni, na sio huo. Akacheka. "Madam, santuri ni ile ile. Labda mashine yenu ndio imechoka."

Nikarudi nyumbani, nikaifungua mashine yako ya santuri kwa bisibisi ya cherehani. Tatizo lilikuwa mkanda unaoizungusha santuri. Ule wa asili ulikatika tukiwa wadogo, nawe ukakata kipande cha tyubu ya baiskeli, ukakifunga fundo, ukasema, "Si inaimba? Basi." Mimi ni fundi wa nguo, Mama. Najua mkanda wa cherehani ukilegea gurudumu linajikokota. Sasa nyumba nzima tumelelewa na wimbo unaojikokota, na hakuna aliyejua.

Au nilidhani hakuna.

Yule kijana alinitafutia mkanda unaokaza. Nikamwita Nafula, nikaiweka santuri. Mwimbaji aliyetoka mle ndani alikuwa kijana kabisa, ana furaha zake, anamsifu msichana mmoja aliyemwona sokoni. Nafula alisimama mlangoni na mkoba wake begani, hakuutua. Ndipo nikaikumbuka miguu yako.

Kila Jumapili ulikuwa unadansi hapo kati ya kitanda na meza, na kila Jumapili ulikuwa unautangulia wimbo. Unamaliza, unaketi, unajifuta jasho, na mwimbaji bado yuko kwa ubeti wa mwisho. Sisi tunavunjika mbavu. "Mathe, unakimbiza ngoma!" Nawe unajibu tu, "Mimi sikimbii. Wimbo ndio umechelewa." Tulidhani ni kisingizio. Kumbe ulikuwa unacheza kwa kasi ya bendi yenyewe, ile uliyokuwa ukiifuata Kawangware alasiri za Jumapili ukiwa msichana, kabla ya Baba, kabla yetu sisi. Tyubu ililegea, miguu yako haikulegea.

"Kumbe alikuwa anajua kudansi," Nafula akasema. Akalia, Mama. Halafu akaanza kucheza huku analia, akaniambia nirudishe mwanzo, na tena mwanzo, mpaka jirani akagonga ukuta. Alikuwa anatuomba tuongeze sauti.

Gauni ilibidi nilifumue. Nilikuwa nimelikata la mtu atakayeingia polepole, limebana magotini. Nikalipanua chini, nikilalamika na sindano mdomoni, lakini moyoni nilikuwa nashukuru. Sijawahi kufumua kazi yangu kwa furaha namna hiyo.

Siku ya harusi tulikuwa kwa ule ukumbi wa upande wa Ayany. DJ alipouweka wimbo wako, vijana walitazamana tu. Wamama wa rika lako ndio walioinuka kwanza, vitenge vikakazwa viunoni, vigelegele vikapanda. Nafula akaingia kwa hatua zako, zile fupi za haraka, bega moja likitangulia. Bwana harusi akajaribu kumfuata, maskini, akawa anamkanyaga. Nililia, sikatai. Ila ni kilio ambacho mtu anakilia huku anacheza.

Nyumba ni ile ile, paa bado linavuja pale unapopajua, na cherehani yako inanilisha. Ile tyubu sijaitupa. Nimeiweka kwenye mkebe wa vifungo, kwa sababu siku nyingine nitataka kuusikia wimbo jinsi tulivyousikia pamoja nawe.

Nakuahidi hili moja: Jumapili hazitakaa kimya tena hapa ndani. Nitauweka kila nikitoka kanisani, nami nitacheza kati ya kitanda na meza. Watoto wa Nafula wakija, watakujua kwa miguu. Zile hatua za katikati bado zinanishinda, bendi inanipita, nabaki nahema peke yangu. Usinicheke, Mama. Safari hii mimi ndio nimechelewa.

Pumzika vyema.

Nekesa wako