Sindano Nilizokuchoma Jumamosi

Kwako yaya wangu Kashindi, kaka yangu mkubwa,

Najua barua hii hutaisoma. Nimeiacha wazi kwa makusudi, isomwe na mama, na baba mdogo, na majirani wa Sange waliokaa kwenye matanga yako. Siku zile mke wako alisemwa maneno mabaya mbele ya watu, na mimi nilikuwepo, nikauficha ukweli. Lakini kabla ya wao, acha niongee na wewe.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea. Nilikuwa na miaka minane hivi, ukanishika tumboni ndani ya maji ya ziwa kule Kalundu, ukaniamuru nipige miguu bila kusimama. Nilipomeza maji ulinibeba begani mpaka mchangani, huku unacheka. Baadaye ulipopata kazi ya kuendesha kamio, lori la mizigo, ukipakia mpunga Bwegera na mihogo Sange ili kuvishusha Uvira, ulinipakia na mimi nilipoanza shule ya uuguzi. Kwenye kila kizuizi uliwaambia askari kwamba msichana huyu ni munganga wako, daktari wako, wampishe. Nilikuwa bado sijagusa hata bomba la sindano.

Kamio ndilo lililokunenepesha. Kutwa umekaa, na kula ni pale gari linaposimama: mishikaki ya mbuzi, ndizi za kukaanga, donge la bugali, chupa mbili za bia ili usahau barabara. Shingo ilijaa, tumbo likafika kwenye usukani. Mkeo Furaha aliniambia kwamba ukilala unakoroma, kisha pumzi inakatika kabisa, mpaka akutikise. Mlikuwa na miaka sita ya ndoa na hamjapata mtoto. Mama alikuwa ameacha kuwauliza, na nadhani hilo lilikuumiza kuliko maswali yake.

Halafu ikaja ile Jumapili. Tulitoka misa tukateremka ziwani, ukavua shati. Kijana mmoja tusiyemjua alijishika kifua kwa mikono miwili, akakuuliza kwa sauti unamnyonyesha nani. Watu walicheka. Ulicheka na wewe. Kisha ukavaa shati juu ya mwili wenye maji, ukaenda kukaa kivulini peke yako. Nilikufuata, nikakuuliza kama una njaa. Tangu siku hiyo hukuoga tena mbele ya watu.

Wiki hiyohiyo ulikuja kwenye kituo cha afya nilipokuwa nafanya kazi. Presha yako ilikuwa juu. Nilikueleza niliyofundishwa: punguza chakula, acha bia, tembea kila siku. Furaha alilishika jambo hilo kuliko sisi wote. Alikupimia bugali kwa kikombe cha bati, akapika sombe, majani ya mihogo, bila mawese, akachemsha ndagala badala ya kuzikaanga, akajaza sahani yako mboga za lengalenga. Alfajiri mlitembea wote wawili mpaka mtoni na kurudi kabla hujawasha kamio. Wanawake waliokuwa wakienda shambani waliwacheka, naye aliwasalimia kwa majina yao na kuendelea na safari.

Na ilifanya kazi, yaya. Nataka wasomaji walisikie hili. Baada ya miezi mitatu mkanda wako ulikuwa umeingia ndani matundu mawili. Kukoroma kulipungua. Nilikuambia ndivyo mwili unavyopungua, polepole, na kwamba baada ya mwaka mmoja ungekuwa mtu mwingine. Ukaniuliza: "Mwaka muzima? Na nikifika pale, mutoto atakuya?"

Jibu ulilipata kwa dereva mwenzako. Alikupeleka kwa mtu anayeuza dawa ng'ambo ya mpaka, ukarudi na boksi la vichupa vya homoni ya kiume. Huyo mtu alikuambia kwamba mafuta yamekukalia kwa sababu uanaume wako umeshuka, na kwamba sindano hizi zitayeyusha tumbo, zitaondoa kifua kile, zitaleta mtoto. Nusu ya maneno yake yalikuwa kweli, ndiyo maana yalikuingia. Ni kweli kwamba tumbo kubwa hushusha homoni hiyo mwilini mwa mwanaume. Lakini mara nyingi hupanda yenyewe mwili unapopungua, na dawa hupewa mtu aliyepimwa damu zaidi ya mara moja na kukutwa imepungua kweli, tena chini ya jicho la daktari. Wewe hukupimwa hata mara moja. Nilikuambia haya yote chumbani kwangu nyuma ya kituo, Jumamosi mchana, boksi likiwa mezani kati yetu.

Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema: "Minye nimechoka kuchekwa na batoto ba batu. Kama weye unakataa, iko muntu mwingine atanichoma, na yeye hana hata sindano mupya."

Nilijiambia kwamba afadhali iwe mkono wangu na sindano safi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ulipanda kitandani, ukageuza uso ukutani, nikakuchoma. Ulinikataza kumwambia Furaha, kwa sababu hukutaka ajue kwamba unanunua uanaume wako kwenye kichupa.

Mwanzoni nilifurahi pamoja nawe, sitaficha. Mabega yalirudi. Ulibeba magunia pamoja na wapakiaji, ukawa unaimba barabarani. Mlo wa Furaha ulikuwa bado mezani na matembezi yalikuwa bado yapo, lakini sifa zote ulizipa vichupa. Halafu ukataka nikuchome kila wiki badala ya kila wiki mbili, na hilo pia nikalikubali.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Mgongo wako ulijaa chunusi, uso ukawa mwekundu na mzito, kichwa kikakuuma kila asubuhi. Kukoroma kulirudi kwa nguvu kuliko zamani. Ulimtupia Furaha sahani kwa sababu bugali ni kidogo, kisha ukakaa uani unalia. Aliniita nije nikuone, akaniuliza ni ugonjwa gani huu. Nilisema ni uchovu wa barabara.

Nilikupeleka hospitalini Uvira. Daktari alitazama karatasi ya maabara akasema damu yako imekuwa nzito kupita kiasi, na kwamba damu ya namna hiyo inaweza kuganda mahali pabaya. Akakuuliza unatumia dawa gani. Uligeuka kunitazama, na mimi ndiye niliyejibu. Nilisema hakuna. Nilikuwa nimevaa koti langu la uuguzi, kwa hiyo aliniamini. Akaagiza utolewe damu kidogo, unywe maji mengi, urudi baada ya wiki.

Jumamosi iliyofuata ulikuja na vichupa viwili vilivyobaki. Ulisema tumalize boksi kisha basi. Nilikuchoma tena.

Jumatano ulirudi kutoka Bwegera unachechemea. Shavu la mguu lilikuwa limevimba, nawe ukamwambia Furaha ni misuli tu. Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, alikuleta kituoni kwa pikipiki, umekaa katikati yake na dereva, kichwa chako begani pa dereva. Ulikuwa unavuta hewa isiyoingia. Tulitafuta gari la kukupeleka Uvira. Nilikuwa nimekushika mkono uliposema: "Usiambie mama." Gari lilipofika hatukulihitaji tena.

Sasa nawageukia waliokuwa kwenye matanga.

Baba mdogo alisimama siku ya tatu. Alisema mwanaume mwenye nguvu zake amepunguziwa chakula na mke wake kwa miezi, amepikiwa vitu visivyo na mafuta, na ghafla ameanguka kwa siku moja, kwa hiyo kila mtu hapa anajua jambo hilo linaitwaje. Mtu mmoja akasema sumu. Wanawake waliingia jikoni kwa Furaha, wakamwaga unga, wakatoa nje kile kikombe cha bati na kukipitisha mikononi kama ushahidi. Furaha alikuwa amekaa mkekani na kitambaa cha kilio kichwani. Hakubishana nao. Alinitafuta kwa macho, akasema: "Wifi, weye uko munganga. Baambie."

Nilisema mimi sikufanya uchunguzi wowote, siwezi kujua.

Ndivyo nilivyosema, yaya. Sikumshtaki, lakini wote walielewa walichotaka kuelewa. Jioni ile alitolewa nyumbani kwako na mfuko mmoja, akarudi kwao Runingu.

Kwa miezi saba niliendelea kuchoma watu sindano. Kisha nikaanza kuwaachia wenzangu kazi hiyo. Mwishowe nilirudi Uvira kwa daktari yule na kumweleza kila kitu. Alisema huenda damu iliganda mguuni, kisha ikapanda mapafuni. Hakunitukana. Aliniuliza kwa nini ulitaka dawa hiyo, nikamjibu kwamba pamoja na mengine ulitaka mtoto. Akaniambia kwamba homoni hiyo ikichomwa kutoka nje, mwili wa mwanaume huacha kutengeneza mbegu zake. Kila Jumamosi, basi, nilikuwa nakufungia mlango uleule uliokuwa unaubisha. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani.

Kazi nimeiacha. Nilimweleza mkuu wa kituo, nikamkabidhi koti na funguo.

Mama nilimkuta anachambua maharagwe. Nilimweleza, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Alipomaliza sinia nzima ndipo akauliza: "Furaha iko wapi?" Nilisema Runingu. Akasema: "Uende kwake. Mpaka ufike kwake, usiniite mama."

Nilikwenda. Nilimkuta akianika mihogo nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Amekonda. Habari za Sange zilimfuata mpaka huko. Dada zake hawaruhusu watoto wao wapokee chakula mkononi mwake. Akienda msibani au harusini anapewa kazi ya kuchota maji, kwa sababu hakuna anayetaka aguse chungu. Wazazi wake wanakula anachopika, lakini mlango ukiwa umefungwa.

Nilisimama mbele yake nikasema yote, tangu kichupa cha kwanza mpaka cha mwisho. Aliacha mihogo. Aliuliza jambo moja tu:

"Siku ile nilikuambia baambie, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Aliinama akaendelea kugeuza vipande, kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Kisha akasema nisimwombe msamaha, kwa sababu hana. Anachotaka ni kwamba niandike kwenye karatasi, niweke jina langu, na isomwe Sange kanisani, palepale watu waliomfukuza wanapopeana mkono wa amani. Nilikubali. Nikamwomba kitu kimoja: anipikie.

Alinitazama kama mtu anayepima kama anadhihakiwa. Kisha akaingia jikoni. Nilibeba kigoda nikakaa mbele ya nyumba, kando ya barabara, ambapo watu wanatoka shambani. Aliniletea bugali na lengalenga, akaweka chini, akarudi ndani. Nilitoa machozi kwa kila tonge. Wanawake wawili wenye majembe walisimama kunitazama, na mmoja wao akaita wengine. Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, wakiwa wamesimama hapo. Furaha alitoka, akachukua sahani, akasema gari la mwisho la Sange linapita saa kumi, nisilikose.

Jumapili hii padri ameniruhusu nisome barua hii baada ya matangazo. Nitasoma mwenyewe. Baba mdogo ametuma ujumbe kwamba nikifungua mdomo, nisikanyage tena kwake. Mama hajasema kama atakuja.

Yaya, nilikupenda kuliko nilivyojua kukulinda. Baki ulipo, sina la kukuomba tena. Yaliyosalia nitayamaliza huku, na watu walio hai.

Mdogo wako, niliyekushika mkono,
Nyota