Kahawa Haitakiponya Kidole Chako, Baba

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu kutoka huku Ujerumani, ambako leo pia jua limekataa kutoka. Mimi niko mzima, isipokuwa mgongo unaouma kwa kuinua wagonjwa. Wewe sikuulizi kama uko mzima kwa sababu najua hauko. Nimeamua kuandika kwa kuwa kila nikipiga simu unaniuliza kama kuna baridi, kisha unampa Mama simu. Karatasi utaisoma mwenyewe. Inaletwa na Gakii, binti wa jirani anayekuja likizo, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka uimalize.

Wiki iliyopita ndugu yangu Muthomi alinipigia. Unajua yeye si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuwa amekasirika. "Dada, huyu mzee ametushinda. Kliniki haendi, tembe za sukari ameacha. Ati redio imesema kahawa inatibu!" Kisha akanitumia picha ya mguu wako wa kushoto. Baba, kazi yangu hapa ni kuosha na kuvalisha wazee wasiojiweza. Kidole cheusi namna ile nimekiona, na harufu yake naijua hata kwa picha. Niliweka simu chini nikalia.

Mama naye akanieleza jinsi unavyoipika hiyo dawa yako. Unachukua mbuni, ile kahawa iliyokaukia na maganda yake ambayo kiwanda huipokea kwa kununa, unaitwanga, unaikaanga kwa sufuria, halafu unaichemsha na maziwa na sukari tele kama chai ya kukaribisha wageni. "Asubuhi anakunywa, jioni anakunywa," Mama akasema, "na hataki nimpimie sukari ya kutia kikombeni. Anasema yeye si mtoto." Nilitaka kucheka. Mtu amelima kahawa tangu kabla sijazaliwa na hajui inavyonywewa! Lakini nani angekufundisha? Kwetu kahawa ilikuwa karo na mabati. Tuliichuma, tukaibeba kiwandani, tukarudi nyumbani kunywa chai. Mimi mwenyewe niliionja mara ya kwanza huku. Ilikuwa chungu ajabu, nikashangaa kwamba hicho ndicho kitu ulichokuwa ukikiinamia miaka yote.

Sisemi redio ilidanganya. Nilimuuliza daktari anayekuja kuwaona wazee wetu, maana nilijua utanibishia. Akasema ni kweli, watu wanaokunywa kahawa kwa kawaida huonekana kupata ugonjwa wa sukari kwa uchache kuliko wengine, na maini yao pia huwa afadhali. Lakini akasema hiyo ni habari ya mtu ambaye bado hajaugua, tena asiyeijaza sukari. Aliyeshikwa tayari, kahawa haichukui nafasi ya tembe zake, na kidonda haikifanyi kitu. Nikamweleza unavyoipika. Akauliza kama hospitali iko mbali na kwetu. Nikasema hapana, Meru mjini si mbali. Niliona haya kusema hivyo.

Wacha nikuambie kuhusu mzee mmoja ninayemtunza. Zamani alikuwa dereva wa treni. Ni mbishi kama wewe, na kahawa ameinywa kila siku tangu ujana wake, nyeusi, bila sukari. Ugonjwa wa sukari ulimpata hata hivyo, na sasa hana mguu wa kulia. Juzi nikimvalisha nilimuuliza mguu huo ulikwendaje. Akaniambia, "Kilianza kidole kimoja. Nikaona aibu kumsumbua daktari kwa sababu ya kidole." Walikata kidole wakiwa wamechelewa, wakarudi kukata mguu kwenye kifundo, wakarudi tena kukata juu ya goti. Nilimfunga vifungo vya shati, nikavikosea mara mbili. Yeye alidhani vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi, akaniambia nifunge dirisha.

Mama anasema umeapa kwamba hutakatwa kama mbuzi. Naelewa. Hutaki wanaume wenzako wakuone ukifika kiwandani na fimbo. Hata mimi naogopa, Baba, naogopa sana. Kila simu ikilia nikiwa kazini nadhani ni ile ya msiba. Najua ruhusa sitapata, na mtazika bila mimi. Mwenzangu mmoja hapa alimzika baba yake kwa kutazama simu, amesimama kwenye ngazi na sare yake ya kazi, na alipomaliza akarudi kuwapa watu chakula. Mimi sitaweza.

Ukipenda kahawa, kunywa. Mama aipike kwa maji matupu nawe uzoee ule uchungu. Lakini kwanza uende hospitali, na tembe uzirudie.

Nisalimie Mama, umwambie apumzike kubishana na wewe, leo ni zamu yangu. Nisalimie Muthomi na mkewe, anayekufunga kile kidonda bila kuziba pua. Shangazi anayeuza ndizi sokoni mwambie kitambaa chake amekibeba Gakii.

Sasa nisikilize. Tangu nizaliwe hujawahi kuniita kwa jina. Huniita mama, kwa kuwa ulinipa jina la mama yako. Nikiwa mdogo ulikuwa ukiwaambia wageni, "Huyu ndiye aliyenizaa, siwezi kumkatalia kitu," na mimi nikatumia nafasi hiyo kupata mandazi. Leo naitumia kwa jambo hili. Sikuandikii kama binti yako. Kesho asubuhi vaa lile koti la kanisani, Muthomi akupeleke. Wakitaka kidole, wape kidole. Mimi ndimi niliyekuzaa, na hakuna mama anayetaka kumzika mtoto wake.

Ni mimi mama yako,
Karambu